Tulivyoosha Nywele Uwanja wa Maonyesho

Siku niliyoambiwa kwamba nywele zangu haziwezi kunipeleka jehanamu, nilitoka kanisani kabla mahubiri hayajaisha.

Sikuweza kungoja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu nizaliwe kule kwetu Magharibi sikuwahi kusukwa hata tuta moja. Kanisa la wazazi wangu lilikuwa na sheria kuhusu kila kitu ambacho mwanamke angeweza kukifurahia. Kusuka kulikuwa kiburi. Hereni zilikuwa kiburi. Kucheka kwa sauti kulikuwa kiburi kikubwa zaidi, na mimi Mungu aliniumba na kicheko kama honi ya lori. Basi nilikua nikiwa nimefunga kitambaa cheupe kichwani na kuuma midomo.

Nilipokuja Eldoret kutafuta kazi nilipanga chumba Huruma, na mwanamke wa chumba cha pili akanialika kanisani kwake. Jumapili hiyo pasta alihubiri juu ya uhuru. Alisema Kristo hakuja kutulegezea kamba, alikuja kuikata. Alisema zile amri za wanadamu, usiguse hiki, usivae kile, haziongezi hata chembe kwenye upendo ambao Mungu tayari anao kwetu. Kisha akanitazama, ama nilidhani ananitazama, akasema, "Dada yangu, hata hizo nywele. Hakuna mtu atazuiliwa mlangoni kwa sababu ya nywele."

Nikasimama. Watu walidhani naenda mbele kuokoka, wakaanza kupiga makofi. Mimi nikageuka nikatoka mlango wa nyuma mbio, kitambaa mkononi, upepo wa Eldoret ukinipiga kichwani kama nimeoga. Nilicheka njia nzima. Mwenye kioski aliniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia, "Nimepata kichwa!"

Jirani mmoja pale plotini tulipopanga alikuwa akijua kusuka. Nilimwambia anifanyie kitu kikubwa kuliko vyote anavyovijua, naye akanifanyia braidi nyekundu, ndefu mpaka kiunoni, nyekundu kama pilipili. Jioni nilirudi kanisani kwenye mkutano wa akina mama nikiwa nazo. Mlangoni alisimama Mama.

Nimwite hivyo tu, maana ndivyo sote tulivyomwita. Alikuwa mjane, mwenyeji wa hapa, mkulima mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa upande wa Sugoi, na ndiye aliyekuwa mkuu wa akina mama pale kanisani. Alikuwa mrefu, mkavu, amefunga kitambaa cha kahawia ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwona amekivua. Aliniangalia kichwa, akaniangalia miguu, akarudi kichwani.

"Mwanangu," akasema, "umeshika moto?"

"Niko huru, Mama. Pasta alisema."

"Alisema. Lakini wewe ulitoka kabla hajamaliza."

"Alisema nini mwishoni?"

"Utasikia siku moja," akasema, akanisukuma ndani.

Sikuuliza tena. Nilikuwa na mambo mengi ya kufanya na uhuru wangu. Nilijifunza kusuka kwa yule jirani, na muda si muda nikafungua saluni ya mabati pale Huruma, mlango mmoja, kioo kimoja, na draya iliyonguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Nilipaka mabati rangi ya waridi. Niliwasuka wauza mboga, walimu, makarani, wake za mafundi wa jua kali. Wateja walitoka kila kabila, na kwa kweli wengi walikuwa wa jamii ile ambayo baadaye ilifukuzwa. Sitaandika makabila hapa. Aliyeishi Eldoret wakati ule anajua, na ambaye hakuishi anaweza kuelewa bila kujua. Pale ndani tulicheka tu. Nilikuwa na miaka ya kucheka ambayo nilikuwa nadai.

Mama alipita kila alipoleta maziwa mtaani. Hakuketi. Alisimama mlangoni na kopo lake, akatazama nywele zikisukwa.

"Huu uhuru wako," aliniuliza siku moja, "unaishia hapo kichwani?"

"Kwani unataka ushuke mpaka wapi, Mama?"

"Mikononi," akasema, akaenda zake.

Wateja wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

Ndipo ukaja ule uchaguzi wa mwisho wa mwaka elfu mbili na saba. Matokeo yalitangazwa, na kabla redio haijamaliza kusema, moshi ulikuwa umeanza kupanda. Sitasimulia yote. Nilijifungia chumbani na wale majirani waliobaki, tukala wali mkavu wa mchele tuliokuwa nao, tukanywa maji kidogo kidogo. Kabila langu halikuwa linatafutwa kwa wiki ile, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuwa hai bila jeraha. Nilisikia mtu akibisha mlango wa yule mwanamke wa chumba cha pili, aliyenialika kanisani. Ashukuriwe Mungu alikuwa ameshatoroka kwenda kituo cha polisi na watoto wake. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili, na safari hii hakuna sheria ya kanisa iliyoniziba.

Nilipotoka, saluni ilikuwa imebaki kuta. Kioo kimekwenda, draya imekwenda, viti vimekwenda. Waliochukua walidharau vitu viwili tu: katoni ya shampuu na mfuko wa vichana, uzi na nywele za kuongeza. Vilikuwa pale chini katika vumbi, vizima kabisa.

Jumapili iliyofuata tulikutana wachache kanisani. Nusu ya benchi zilikuwa tupu, na kila mmoja wetu alijua ni akina nani waliokuwa wakiketi pale. Pasta hakuhubiri. Alisema wenzetu wako uwanja wa maonyesho, chini ya mahema, maelfu, na akauliza nani ataenda. Kuna waliotazama viatu. Halafu mmoja akasema ana unga, mwingine blanketi, mwingine sufuria. Mimi sikuwa na chochote. Baada ya ibada Mama alinishika mkono wa sweta.

"Wewe una nini?"

"Sina kitu, Mama. Waliacha vichana na shampuu."

"Beba."

"Mama, watu wamechomewa nyumba. Niende kuwaambia habari za nywele?"

"Wana vichwa ama hawana?"

Nikabeba.

Uwanja wa maonyesho ni mahali tulipozoea kwenda kutazama ng'ombe bora na kula pamba ya sukari. Sasa palikuwa na mahema meupe mpaka jicho linachoka, na vumbi la Januari, na mistari ya watu waliongojea kila kitu: maji, uji, dawa, habari. Tuliweka karai chini ya mti mdogo kando ya hema moja. Nikaketi juu ya mtungi wa plastiki. Mama akasimama nyuma yangu kama askari. Wanawake walitutazama kwa mbali. Kwa mavazi yake na jinsi alivyosema, kila mmoja aliweza kujua Mama ni wa upande gani. Hakuna aliyekaribia.

Nilikuwa karibu kukunja vitu vyangu wakati ajuza mmoja aliposimama mbele yetu. Alikuwa mdogo, ameinama, amevaa koti la mwanaume.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi, Shosho. Tunaosha nywele. Bure."

"Kwa nini?"

Mama akainama akakitazama kile kichwa kwa makini.

"Kwa sababu ni chafu," akasema.

Nilifikiri ardhi itanimeza. Ajuza alimtazama Mama, kisha akacheka. Hakuwa na jino mbele hata moja, na kicheko kilitoka chote bila kuzuiwa na kitu.

"Tangu nifike hapa," akasema, "huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli."

Akaketi, akatoa kitambaa. Nilipommwagia maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Nilidhani ni rangi. Kisha harufu ikanifikia. Ulikuwa ni moshi. Ulikuwa moshi wa nyumba yake, umekaa kichwani mwake muda huo wote, amelala nao na kuamka nao. Mikono yangu ilisimama. Mama akanong'ona, "Endelea," nikaendelea. Tulimwaga, tukapaka tena, tukamwaga, mpaka maji yakatoka meupe. Ajuza alijishika kichwa, akanusa vidole vyake, akavinusa tena.

"Sasa nisuke."

"Mtindo gani, Shosho?"

"Wa msichana anayetafuta bwana."

Kicheko changu kilitoka. Kile cha honi. Sikukipanga, na katikati ya mahema yale kilisikika kama mtu amevunja sahani. Watu waligeuka. Nikaziba mdomo kwa aibu, lakini ajuza alikuwa akicheka, na msichana mmoja aliyekuwa kwenye mstari wa maji akaanza kucheka bila kujua ni nini, na mama mwenye mtoto mgongoni naye, na kabla sijamaliza tuta la tatu kulikuwa na mstari mwingine pale uwanjani. Mstari wa kwetu.

Nitajaribu kueleza furaha ile, ingawa hadi leo naionea haya kidogo. Haikuwa kwamba tulisahau. Walikuwapo pale wanawake waliopoteza watoto. Lakini mtu akishaoshwa moshi, kichwa kikawa chepesi, kuna kitu kinampanda kama kizunguzungu, anacheka kwa jambo dogo tu, kisha wa pili anashikwa, na tunabaki tunashikilia mbavu, machozi yakitoka, bila kujua ni ya kucheka ama ya nini. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na vidole vimekunjamana kwa maji na nikiruka mitaro kama mtoto.

Tukarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mama alichukua kazi ya kuosha, mimi ya kusuka. Mikono yake ilikuwa imezoea kukamua, na aliosha vichwa vile kwa nguvu zile zile. "Mama, hicho si kiwele!" mmoja alipiga kelele, na mzaha huo ukamkaa. Wanawake wakaanza kuulizana kwenye mahema, "Umekamuliwa leo?" Mama hakutabasamu. Lakini nilimwona akigeuza uso.

Kisha maji yakaleta shida. Kijana aliyesimamia matanki alikuja akatuambia, kwa upole, kwamba maji yale ni ya kunywa na kupikia, na hawezi kuruhusu yaoshe nywele. Alikuwa na haki. Tulikunja karai. Siku hiyo Mama alinichukua nyumbani kwake kula, tufikirie la kufanya.

Tulikuwa tunakula ugali na maziwa lala yaliyoganda wakati shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alipoingia. Alikuwa mzee mnene wa kofia, mwenye trekta na sauti katika mikutano ya kijiji. Hakuketi.

"Watu wanaongea," akasema.

"Hawajanyamaza tangu nizaliwe," Mama akajibu.

"Wanasema unaenda uwanjani kuosha vichwa vya wale. Unatuaibisha. Mwanamke wa umri wako, wa boma hili, unainama kama mfanyakazi wao."

Mama aliweka tonge chini. Nilimwona akifikiri, na nikaogopa, kwa sababu siku zile mtu aliweza kuchomewa ghala kwa maneno machache kuliko hayo.

"Shemeji," akasema, "mliniambia kwenye uchaguzi nipige kura wapi, nikapiga. Mliniambia niimbe nini kwenye mkutano, nikaimba. Vijana walipopita hapa na petroli mliniambia nifunge mlango ninyamaze, na Mungu anisamehe, nilifunga. Sasa nimechoka kufunga. Kristo alinifanya mtu huru. Mtu huru haulizi ruhusa ya kupenda. Kama kuinama ndio utumwa, basi huu nimejichagulia mwenyewe, na hakuna mzee hapa atanitoa. Kilichonizuia leo ni maji tu."

Yule mzee alisimama akipumua. Kisha akavuta kofia chini, akatoka. Mlango ulibaki wazi.

"Ndivyo pasta alivyomalizia?" nikauliza. "Siku ile?"

"Karibu hivyo," Mama akasema. "Alisema tumefunguliwa mikono ili tupate ya kutumikia wenzetu. Wewe ulikuwa umeshafika kwa msusi." Kisha akaanza kucheka, kicheko chembamba cha kushtukia, mara ya kwanza kumsikia, na mimi nikatema maziwa mezani.

Asubuhi tulifika uwanjani na mitungi michache juu ya baiskeli ya kukodi. Haikutosha hata vichwa vya hema moja. Tulikuwa tumeanza kubishana nani aoshwe kwanza wakati tuliposikia trekta langoni. Polisi walilisimamisha. Juu yake alikuwa shemeji, kofia mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake trela limejaa mapipa ya maji. Walimwuliza maswali mengi. Mwishowe wakamfungulia, naye akaja polepole kati ya mahema, watu wakimtazama kwa woga, akasimama mbele ya karai letu bila kuzima injini.

"Haya ni maji ya ng'ombe," akasema kwa sauti ya hasira. "Ng'ombe wameyakataa."

Mama alimtazama. "Wote?"

"Wote."

Wanawake walikuwa wamerudi nyuma. Yeye mwenyewe alionekana kama mtu anayetaka kugeuza trekta akimbie. Ndipo ajuza yule wa kwanza, matuta yake ya kutafuta bwana yakimeta kwa mafuta, akajisogeza mpaka kwenye gurudumu.

"Shuka nawe uoshwe," akamwambia. "Una vumbi."

"Mimi nina upara," akasema mzee, na akavua kofia kuthibitisha.

"Basi tutakung'arisha."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza kwetu kikaenda hema kwa hema, waliosikia wakiwaambia ambao hawakusikia, mpaka polisi pale langoni akashika goti lake. Mzee alizima injini. Akashuka. Akaketi juu ya mtungi, mikono magotini kama mtoto anayenyolewa, na ajuza akamwosha upara kwa maji yake mwenyewe ya ng'ombe, taratibu, akiuliza kama yana baridi. Yalipomshuka usoni sikujua kama ni maji tu. Hakusema asante. Aliendelea kuleta mapipa kila siku mpaka mahema yalipopungua.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni siku aliyokuja jirani wa Mama.

Walikuwa wamepakana shamba kwa miaka mingi, ua mmoja kati yao. Nilikuwa nimemsikia Mama akimtaja: walikopeshana chumvi, walizikiana waume. Nyumba ya jirani huyo ilichomwa na vijana wa upande wa Mama, usiku ule ambao Mama alifunga mlango. Kumbe alikuwa palepale uwanjani, katika mahema ya mbali, na alikuwa amesikia habari za mwanamke anayekamua vichwa. Alikuja akasimama kwenye mstari kama wengine. Ilipofika zamu yake, Mama aliinua macho na kopo likamwanguka.

Hakuna aliyecheka.

"Ni wewe," Mama akasema.

"Ni mimi."

"Sikufungua. Nilisikia, na sikufungua."

"Najua. Niliona taa yako."

Nilishika kichana kwa nguvu mpaka meno yakanichoma. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Naomba nikuoshe. Kama hutaki, nitaelewa."

Jirani akaketi, akatoa kitambaa, akainamisha kichwa juu ya karai. Mama akaokota kopo. Mara hii hakukamua. Aliosha kama mtu anayeosha mtoto wa siku moja. Alikuwa akilia, na kwa sababu ya kulia alijipangusa macho kwa mkono uliojaa shampuu, akaruka juu akipiga kelele, "Uwi! Uwi! Naungua!"

Jirani aliinua kichwa, povu tupu, akamwona akizunguka na macho yamefumba, akipapasa hewa akitafuta maji. Nilimwona akijaribu kujizuia. Hakuweza.

"Hata kuosha hujui!" akasema huku anacheka na kulia. "Miaka yote hiyo nakwambia wewe ni mtu wa haraka!" Akasimama, akachukua kopo, akamkalisha Mama kwenye mtungi wake, akamwosha macho. Kisha, bila kuuliza, akaweka mkono kwenye kile kitambaa cha kahawia.

"Nacho hiki kimekaa sana," akasema.

Mama akamshika mkono. Wakatazamana. Akauachia.

Nywele zilizotoka mle ndani! Zilikuwa nyeupe, nyingi, laini, zimejikunja kama pamba iliyochumwa leo. Wanawake walishusha pumzi wote pamoja, halafu vigelegele vikapanda. Jirani alizimwagia maji, akazipaka, akazisugua, povu likipanda mpaka viwiko, na wote wawili wakiwa wameloa mpaka viatuni, wakigombana kuhusu nani alikuwa mkali kwa watoto wa mwenzake. Mimi nilisuka vichwa vyote viwili siku hiyo. Vidole vyangu vilicheza. Nilitaka kumkumbatia kila mtu pale, hata yule kijana wa matanki, na nadhani nilimkumbatia.

Singependa kusema kwamba kila kitu kilirudi. Jirani hakurudi kwenye shamba lile. Alisema anaweza kumsamehe Mama lakini hawezi kulala pale, na hakuna mtu mwenye haki ya kumdai alale. Mahema yalipokunjwa alipanga nyumba Turbo, akaanza kuuza nguo sokoni. Ajuza alichukuliwa na wanawe, nikasikia alifariki kwao, amesukwa. Kanisani baadhi ya benchi zilijaa tena na nyingine hazikujaa. Mimi nilijenga saluni upya, ndogo kuliko ya kwanza, na siku moja kila juma nafunga mlango naenda wodi za hospitali na karai langu, kwa sababu mgonjwa aliyelala muda mrefu ana kichwa kizito kama cha mtu aliyetoka motoni. Watu huniuliza napata nini. Ninawaambia ukweli: napata kizunguzungu kizuri. Nikiwa nimeinama juu ya kichwa cha mtu nisiyemjua, hakuna anayenituma wala anayenizuia, na hapo ndipo najihisi huru kuliko nilivyokuwa na braidi nyekundu kiunoni.

Miaka michache baadaye niliolewa, na mimba yangu ya kwanza ikawa ngumu. Daktari alinikataza kuinuka kitandani. Mimi! Nililala pale chumbani nikinuna, nywele zimesimama kila upande, nikiona aibu mtu yeyote anione. Mchana mmoja mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mama aliingia na kopo la maziwa. Nyuma yake aliingia jirani wake wa zamani, kutoka Turbo, na sufuria.

"Tumekuja kukuosha kichwa," Mama akasema.

"Sitaki, Mama. Mmetoka mbali. Nitaoshwa na mume wangu."

"Ulituosha wangapi?" jirani akauliza. "Sasa lala utulie. Kupokea nako ni kazi."

Waliniegemeza ukingoni mwa kitanda, karai chini, maji ya vuguvugu. Mikono minne kichwani pangu, miwili ya kukamua na miwili ya kukunja nguo, na haikukubaliana hata kidogo. Mmoja alivuta huku, mwingine kule. Nilifumba macho nikatulia, na mtoto tumboni akaanza kupiga teke kama anacheza ngoma.

Kisha wakaanza kubishana juu ya uji. Mama alisema mjamzito apewe wa mtama na maziwa lala. Jirani alisema maziwa lala yatamchafua tumbo, apewe wa wimbi na ndimu. Mama alisema ndimu ni upuuzi. Jirani alisema Mama hajui kupika tangu wakiwa vijana, na mashahidi wapo. Nilianza kucheka, povu likaingia mdomoni, wakanifokea wote wawili kwa pamoja nitulie, na nikashindwa kabisa.

Mwishowe nilikunywa vikombe viwili, cha mmoja na cha mwingine, huku wote wamesimama hapo na mikono kiunoni wakingoja niseme upi ni mtamu.